Macho ya mpishi yako sawa, sababu ndo zinatuponyoka

Maharage niliyabandika saa nne asubuhi. Kufika saa nane mchana nachota moja na kijiko, nalibana kwa vidole, ganda limelainika kidogo lakini ndani bado kokoto. Na nilikua nimefanya kila kitu nilichodhani ni cha akili, nimeloweka usiku kucha, maji ya kutosha, moto haujakatika, na ili nisipoteze muda nikakatia nyanya humohumo tangu mwanzo nikakamulia na limao vyote viive pamoja. Nikampigia mama. Hata sijamaliza kueleza akanikatiza, "Nyanya umeweka saa ngapi?" Nikamwambia tangu mwanzo. "Basi mwanangu hayo hayaivi leo. Nyanya ni ya baridi, inayashtua maharage yanakaza."

Ile kauli haijanitoka kichwani mpaka leo, kwa sababu nusu yake ni kweli tupu na nusu nyingine haina ukweli wowote. Ni kweli nyanya ikiingia mapema maharage yanagoma. Ila ubaridi hauhusiki kabisa. Na kadiri nilivyoendelea kusoma na kujaribu vitu jikoni ndo nikaona hii hali inajirudia kila mahali: mtu anayepika kila siku ameona jambo kweli kabisa, kwa macho yake, mara mia, sababu aliyopewa au aliyoitunga ndo inakwenda kombo. Alafu anatokea mtu wa vitabu anaicheka ile sababu na kuutupa ule ushuhuda wote, hapo ndo naumia, maana kilichotupwa ndo kilikua cha thamani.

Tuanze na hayo maharage. Ukuta wa kila seli ya harage umeshikwa na kitu kinaitwa pektini, inafanya kazi kama saruji katikati ya matofali. Harage kuiva maana yake ile saruji inayeyuka taratibu kwenye maji ya moto na seli zinaachiana, ndo unapata ule ulaini wa kusagika mdomoni. Sasa kwenye maji yenye asidi pektini haitaki kuyeyuka, inabaki imeng'ang'ania. Nyanya ina asidi, limao ndo usiseme. Maji magumu nayo yale yenye chokaa yanafanya jambo linalofanana kwa njia nyingine, kalsiamu na magnesiamu zinaishika pektini zinaikaza zaidi, ndo maana mtu anahama nyumba anakwenda penye maji ya kisima anashangaa maharage yaleyale aliyozoea yanamlia mkaa mara mbili. Magadi soda yanageuza mambo, yanafanya maji yawe upande wa pili wa asidi na pektini inaachia haraka, ila ukizidisha unapata rojo lenye ladha ya sabuni na vitamini B1 nyingi inapotea, kwa hiyo nusu kijiko cha chai kwenye sufuria kubwa inatosha sana.

Mama ana sheria nyingine, chumvi mwisho kwa sababu inakaza ganda. Hapa nampinga kwa heshima zote, maana nimejaribu. Ukiloweka maharage kwenye maji yenye chumvi kiasi, sodiamu inaingia kwenye ganda na kuchukua nafasi ya ile kalsiamu, na ganda linalainika vizuri bila hata kupasuka ovyo. Kwa hiyo sio kila sheria ya jikoni ina macho nyuma yake, nyingine zimerithiwa tu. Namna pekee ya kuzitofautisha ni kubandika sufuria mbili.

Na kabla sijatoka kwenye maharage hili nalisema kwa msisitizo: yale mekundu yana sumu yake ya asili, protini ya kundi la lektini, na machache tu yasiyoiva vizuri yanaweza kukutapisha na kukuendesha ndani ya masaa machache. Yanatakiwa yachemke kwelikweli, yatokote, kwa dakika 10 angalau. Joto dogo la chini ya nyuzi 80 haliiui ile sumu na linaweza hata kuiongezea makali, kwa hiyo wenye yale masufuria ya umeme ya kupika polepole, mwaga maji ya kuloweka, chemsha kwanza kwenye sufuria ya kawaida, ndo uhamishie huko.

Haya, kitunguu. Hakuna kitu jikoni chenye dawa nyingi za watu kama machozi ya kitunguu, wengine wanang'ata kipande cha mkate, wengine wanawasha mshumaa, wengine wanakatia karibu na bomba linalotiririka. Kinachotokea ni kwamba ndani ya seli ya kitunguu kuna vitu viwili vimewekwa vyumba tofauti visikutane. Chumba kimoja kina viini vya salfa, ambayo mmea umeinyonya kutoka kwenye udongo, na chumba kingine kina kimeng'enya, yani protini inayogeuza kitu kimoja kuwa kingine. Kisu kikipita kuta zinavunjika, viwili vinakutana, na ndani ya sekunde chache inatoka gesi inayopanda mpaka jichoni na kuchoma. Kitunguu hakina miguu ya kukimbia mdudu anayekitafuna chini ya udongo, hiyo ndo silaha yake. Kwa miaka mingi iliaminika kimeng'enya kinachohusika ni kimoja, mpaka mwaka 2002 watafiti wa Japani walipoonyesha kuna cha pili ambacho kazi yake ni kutengeneza hiyo gesi ya machozi. Yani mmea una mfanyakazi maalum kwa ajili ya kututoa machozi.

Ukishajua hivo unaweza kuzipima dawa za watu mwenyewe bila kumuuliza mtu. Mkate mdomoni hauzuii gesi kufika machoni. Feni inayopuliza pembeni inasaidia, inaipeleka gesi kwingine. Kisu kikali kinasaidia sana kwa sababu kinakata seli chache, kile butu kinaponda. Na kukiweka kitunguu kwenye friji nusu saa kabla ya kukata kunasaidia, kimeng'enya kikiwa kwenye baridi kinafanya kazi kwa uvivu. Kwenye moto kimeng'enya kinakufa moja kwa moja, ndo maana kitunguu kilichokwisha kuchemka ukikikata hakimlizi mtu. Pia vitunguu vilivyolimwa kwenye udongo wenye salfa kidogo vinakua vipole na vinaonekana vitamu zaidi, mkulima anajua shamba lipi linatoa vikali hata kama hajawahi kusikia neno salfa.

Maziwa nitasimama hapo kidogo kwa sababu hili kila mtu limemkuta. Umesimama mbele ya sufuria dakika nane nzima hakuna kitu, unageuka kuchukua kikombe, sekunde tano, jiko zima jeupe. Maji hayafanyi hivo, yanachemka na kuchemka yanabaki mle mle. Siku moja niliamua kukaa nayaangalia tu, sigusi kitu. Kwanza pembeni vinatokea vipovu vidogo vidogo kama shanga. Alafu juu panaanza kujikunja ngozi, nyembamba, inakunjamana ukipuliza. Hiyo ngozi ni protini za maziwa zilizofunuka kwa joto, zikashikana zenyewe kwa zenyewe zikabeba na mafuta. Kwenye maji, povu la mvuke likifika juu linapasuka na mvuke unakwenda zake. Kwenye maziwa lile povu linavikwa koti la protini, halipasuki, linakutana na ngozi juu, na la chini yake linakuja, na lingine, wakati moto wa chini hauna habari unaendelea kuzalisha mvuke. Ile ngozi ikainuka katikati kama mto wa kulalia, ikatulia hapo kama sekunde mbili, na mimi mkono uko kwenye swichi, alafu ikapanda yote kwa mpigo mmoja. Nilizima zikiwa zimebaki sentimita mbili hivi.

Wale wanaolaza mwiko wa mti juu ya mdomo wa sufuria hawajakosea. Povu likigusa mti mkavu usio na joto kali linapasuka. Ila mwiko wenyewe ukishalowa na kupata moto nguvu inaisha, kwa hiyo mwiko unakununulia muda tu, haukupi ruhusa ya kwenda sebuleni. Kukoroga ndo dawa kamili, unaivunja ngozi kabla haijawa kifuniko.

Chumvi kwenye maji tena. Watu wanasema chumvi inafanya maji yachemke haraka, na mtu wa vitabu anajibu hapana, chumvi inapandisha kiwango cha kuchemka. Mtu wa vitabu yuko sahihi, ila ni kwa kiasi gani? Ili lita moja ya maji ipande nyuzi 1 tu unahitaji gramu 58 hivi za chumvi, zaidi ya vijiko vitatu vikubwa, na hapo maji yako yana chumvi kuliko ya bahari ambayo ina kama gramu 35 kwa lita. Kwa hiyo kile kibano cha vidole hakifanyi chochote kwenye muda wako. Lakini mbona mpishi anaapa kaona maji yamechemka pale pale alipotupia chumvi? Kwa sababu ameona kweli. Maji yakiwa karibu na kuchemka, zile punje zinayapa mapovu mahali pa kuanzia, yanafumuka kwa pamoja fwaa, alafu yanatulia. Alichokiona kipo, ila hakihusiani na maji kupata joto haraka.

Nyama sasa. Hapa sababu potofu ina jina na mwaka. Justus von Liebig, mkemia mkubwa wa Ujerumani, mwaka 1847 aliandika kwamba nyama ikipata moto mkali mwanzoni inajifunga nje kama ukuta na maji yake hayatoki. Likaenea dunia nzima, mpaka leo utasikia "kaanga kwanza ufunge juisi". Ila tega sikio kwenye fraipeni yako. Ule mlio wa chwaaa ni nini? Ni maji ya nyama yanatoka na kugeuka mvuke kwenye chuma cha moto. Kama nyama ingekua imefungwa, fraipeni ingenyamaza. Mlio unaendelea muda wote nyama ipo pale, ushahidi unakupigia kelele sikioni.

Na bado wapishi wako sahihi kwamba nyama iliyoanzishiwa moto mkali ni tamu zaidi! Utamu wenyewe unatokana na rangi. Mwaka 1912 Mfaransa Louis Camille Maillard alieleza kinachotokea protini na sukari zikikutana kwenye joto, vipande vya protini vinashikana na sukari na vinazaa mamia ya viini vipya vya harufu na ladha, kahawia ile ya nyama, ya ganda la mkate, ya kahawa iliyokaangwa, yote familia moja. Kwa haraka inayotakiwa jikoni hiyo kazi inahitaji joto la nyuzi 140 na kwenda juu. Na maji hayapandi zaidi ya 100. Mradi juu ya nyama pamelowa, joto lote linakwenda kukausha maji na nyama inakaa pale pale kwenye 100 inachemka kijivu. Kwa hiyo ukitaka rangi futa nyama ikauke kabisa kabla haijagusa mafuta, na usijaze fraipeni, vipande vikibanana vinapikana kwa mvuke wao. Hili dogo la kufuta na kitambaa limenibadilishia mapishi kuliko kiungo chochote nilichowahi kununua.

Kujua fraipeni imefika kuna ile ya kudondoshea tone la maji kabla hujaweka mafuta. Likitulia likachemka polepole, bado. Likilia tsss likatoweka, imepata moto. Likijikunja kama gololi na kuanza kukimbia huku na huku bila kukauka, ina moto sana, karibu na nyuzi 200. Hiyo gololi inashangaza, sehemu yenye moto zaidi ndo tone linaishi muda mrefu zaidi. Daktari wa Ujerumani, Johann Gottlob Leidenfrost, aliielezea mwaka 1756 akitumia kijiko cha chuma kilichowiva kwa moto. Upande wa chini wa tone unageuka mvuke papo hapo, mvuke unakua godoro, tone linaelea juu ya godoro na chuma hakiligusi.

Pilipili kwa kifupi: kinachowasha, kapsaisini, kinabonyeza kitambuzi kilekile cha ulimi kinachobonyezwa na joto la kama nyuzi 43, kwa hiyo ubongo unaambiwa unaungua na unaamini. David Julius, aliyekigundua, alipewa Nobel mwaka 2021. Kapsaisini haichanganyiki na maji, kunywa maji ni kuisambaza tu, maziwa ndo yanaiondoa.

Mkate nao. Sote tunaamini mkate unakua mgumu kwa sababu umekauka, tunauweka kwenye friji "usiharibike", kesho tunakuta mgumu kuliko tulivyouacha. Mfaransa mwingine, Boussingault, alishaonyesha mwaka 1852 kwamba mkate unakua mgumu hata ukiufungia kabisa usipoteze maji. Wanga ukipikwa unavimba na kulegea, ukipoa minyororo yake inaanza kurudi kujipanga kwa mistari, hapo ndo ugumu. Baridi ya friji inaharakisha kule kujipanga. Friza inasimamisha, kwa hiyo friza sawa, friji hapana. Na ukiupasha mkate mpaka nyuzi 60 hivi mistari inavurugika tena na ulaini unarudi, kwa muda. Aliyekuambia mkate mgumu ukipashwa unafufuka aliona sawasawa, maana kama ungekua umekauka tu, moto ungeukausha zaidi.

Ninayemfikiria kila mara nikiandika mambo haya ni Erasto Mpemba. Mwaka 1963, Tanganyika, yuko kidato cha tatu pale Magamba, wanafunzi wanatengeneza aiskrimu, wanachemsha maziwa wanachanganya na sukari, utaratibu ni uyaache yapoe ndo uweke kwenye friza. Nafasi kwenye friza inagombaniwa, yeye kuliko kuikosa akaweka yake ya moto vilevile. Baada ya saa moja na nusu hivi ya kwake imeganda, ya mwenzake aliyeweka ya baridi bila kuchemsha bado ni uji mzito. Akamuuliza mwalimu kwa nini ya moto imetangulia kuganda. Akaambiwa umechanganyikiwa. Akauliza tena baadaye shule nyingine, akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba sio fizikia ya dunia, na darasa likawa linamtania kwa maneno hayo. Hakuacha. Akaja Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu Dar es Salaam, Mpemba akasimama mbele ya wenzake akauliza swali lilelile, wenzake wakacheka, na Osborne, Mungu amlipe, alikwenda akaagiza lijaribiwe. Mwaka 1969 wakaandika pamoja kwenye jarida la kisayansi na mpaka leo jambo hilo duniani linaitwa jina lake.

Ubishi haujaisha. Aristotle aliwahi kugusia jambo hilo zaidi ya miaka 2000 kabla. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima kwa uangalifu mkubwa na hawakuona ushahidi wa kutosha kwenye maji, wakaonyesha hata kipimajoto kikikaa sentimita moja juu au chini majibu yanageuka. Mwaka 2020 wengine wakaona kitu cha aina hiyohiyo kwenye chembe ndogo ndani ya maji. Kwa hiyo sababu bado haijakamatika, miaka zaidi ya 60. Mimi kinachonishika ni yule kijana kusema nimeona, na kuendelea kusema nimeona, mbele ya mtu mwenye chaki.

Nilipokwenda kwa mama mara ya mwisho nilimweleza habari ya asidi na pektini, nikaogopa ataona namsahihisha. Akasikiliza mpaka mwisho. Akaniambia, "Lete sufuria mbili." Tukagawa maharage ya fungu moja yaliyolowekwa pamoja, moja tukaweka nyanya mwanzo, na zile nyanya kazichemsha kwanza kwa makusudi ili zisiwe za baridi, nyingine maji matupu. Baada ya saa moja na nusu la maji matupu lilikua linasagika kwa ulimi. La nyanya za moto lilikua linagonga meno. Akachukua moja kutoka kila sufuria akatafuna taratibu, moja kushoto moja kulia, akafunika sufuria zote mbili, akafikiri.

"Kumbe sio baridi," akasema. "Sasa na ukwaju je?"

Nikainuka kutafuta sufuria ya tatu.